Mtama wa Mama na Utabiri wa Ukame

Mwaka ule serikali ilipotutangazia ukame, mkutano wenyewe ulinyeshewa. Tulijibanza kwenye ukumbi wa parokia huku Uru, mlimani, bwana shamba akipaza sauti kushindana na mabati: "Masika ya mwaka huu yatakuwa chini ya wastani! Pandeni mtama!" Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa.

Mama yangu hakucheka. Alikuwa ameandikisha namba yake apokee ujumbe wa hali ya hewa, na neno lililomfuata mpaka kwenye simu hakulidharau. Shamba letu la tambarare, kule chini tulikozoea kupanda mahindi, akalijaza mtama.

"Mama, unatutia aibu. Mtama ni chakula cha kuku."

"Basi mwaka huu mtakuwa kuku."

Mvua ile ya mkutanoni ndiyo ikawa ya mwisho ya maana. Mahindi ya majirani yalinyauka yakiwa yamefika magotini tu. Mtama wa mama ukasimama, ukatoa masuke. Shida ni kwamba tambarare nzima hapakuwa na punje nyingine, na ndege wenye njaa walilijua hilo. Kweleakwelea walishuka kama wingu, lile wingu tulilokuwa tukiliombea misa.

Tulishinda shambani, mama akipiga debe, mimi nikirusha mawe na kupayuka mpaka sauti ikakauka. Jirani yetu aliyecheka kuliko wote kule ukumbini akaja na sufuria yake, akaipiga pamoja nasi. Tuliokoa kama nusu, naye akaondoka na fungu lake.

Tulipokuwa tukipura, simu ya mama ikalia. Akanipa nimsomee: "Tahadhari. Ndege waharibifu wanatarajiwa katika eneo lako."

"Wajibu," akasema mama. "Waambie wageni walishafika, wamekula, wameaga."

Baadaye bwana shamba akaja kumpiga picha, mkulima wa mfano.

"Shikamoo, mama. Tabasamu kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Nikitabasamu, mtawahi safari ijayo?"

Alicheka, akapiga picha.

Msimu uliofuata bwana shamba alitutangazia mvua nzuri, akatushauri tupande mahindi. Safari hii hakuna aliyecheka. Kijiji kizima kikapanda mtama. Mama peke yake akapanda mahindi, mvua ikanyesha vizuri sana, na majirani walichukua muda mrefu kumsamehe.