Kigari Alicholeta Dada

Fundi cherehani alishukuru sana dada yake alipomletea kigari cha kumfunza mtoto kutembea. Mwanawe wa miezi tisa akawa anazunguka sebuleni, naye anashona kwa utulivu. Siku ya nne alisahau kufunga mlango. Kufumba na kufumbua, kigari kikabingirika ngazini na mtoto akavunjika mfupa wa bega.

"Mama, vigari hivi havimfundishi mtoto kutembea," daktari alimwambia. "Vinampa tu mbio asizoziweza."

Alimpigia dada yake. Dada akakiri: "Hata wangu alianguka nacho. Nilidhani wewe utakuwa makini zaidi."

Fundi alikata simu, akakivunjavunja kigari kwa nyundo kisimfikie mtoto mwingine. Mwanawe alipona, akaanza kutembea mwenyewe. Mama yake mkubwa hakuitwa kuona.