Mwanaidi, uliyekwenda peke yako kuchota tope

Jamani, tangu asubuhi naandika nafuta, naandika nafuta. Mwanaidi hayupo. Akili yangu inagoma kabisa.

Kwa msiomjua: tumefanya kazi pamoja miaka sita, kupima mabwawa ya vijijini huku Tabora, kuangalia kama yana sumu na viumbe wake wanaendeleaje. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani! Siku ya kwanza ofisini aliniambia, "Babu zako walibeba mizigo mpaka kwetu pwani, hebu nawe beba hilo boksi la barafu." Nikabeba.

Alikuwa mtu wa kukera, nisiwadanganye. Sisi tukishajaza chupa zetu tunataka kuondoka field, yeye bado yumo majini mpaka mapajani, anawauliza wenyeji mabomba ya kupulizia dawa kwenye tumbaku wanaoshea wapi.

Mwezi uliopita majibu ya vipimo vya maji ya bwawa moja yalitoka safi. Nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikatangaza, "Kuleni samaki wenu, msiwe na wasiwasi." Nikapigiwa makofi.

Tukapikiwa ugali na kambale. Mimi nikala mpaka nikalamba vidole. Mwanaidi akafunga kipande chake kwenye foili, akatia mkobani.

Mama mwenye nyumba alikasirika! "Mwanangu, chakula changu kina nini?" Mwanaidi akapiga goti: "Nisamehe mama, nataka nikakipime." Nilitamani ardhi inimeze.

Kwenye gari nikamfokea. Akajibu taratibu, "Mvua imenyesha wiki nzima, umesikia chura hata mmoja? Dawa za tumbaku zinashuka kwenye tope. Na kambale anakula humo humo."

Maabara wakasema samaki aliyeshapikwa hawampimi. Akataka turudi tuchukue tope na kambale wabichi. Gari lilikuwa mikononi mwangu. Nikamwambia ripoti nimeshafunga, deadline imepita, aache ubishi.

Jumanne akakodi bodaboda. Wakati wa kurudi wakagongwa na fuso.

Dereva wa boda amepona, amevunjika mguu. Nilimfuata wodini. Akaniambia, "Nilimwambia dada shika chuma, akasema akiliachia boksi chupa zitapasuka."

Zimepasuka zote. Tope lake limemwagika barabarani.

Jana msibani Isevya watu walikuwa wananisubiri mimi. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote mbele ya wafiwa, na wafiwa walikuwa wanahitaji kucheka kidogo. Nikasimama nikasema, "Mimi ndiye niliyemnyima gari. Mimi ndiye niliyemuua."

Wakaangua kicheko.

Mumewe akanishika bega, machozi yanamtoka na huku anacheka. "Asante mtani. Angefurahi sana."

Nikashindwa kurudia. Nikakaa chini, nikaletewa chai, nikanywa. Ndiyo maana naandika hapa: haukuwa utani. Shemeji, ukiisoma hii kabla sijafika kwako, leo jioni nakuja mwenyewe.

Kesho gari linakwenda kule kijijini. Nitasimama pale pale niliposimama, niwaambie nilisema kitu nisichokijua, waache samaki mpaka tope lipimwe. Wakitaka kunifukuza wanifukuze.

Pumzika kwa amani, Mwanaidi, mtani wangu, dada yangu. Mpaka saa hii ninapoandika, watoto wa kijiji kile wanakula kambale, na wanakula kwa sababu waliniamini mimi.