TBC ilinyoosha kaseti yetu ya harusi, lakini uso wa mwanangu haukurudi

Assalamu aleykum wakuu. Mimi ni mzee wa hapa Garissa, sina mazoea ya kuandika mitandaoni. Haya yametukuta nyumbani kwangu na siongezi neno, kwa kuwa mkono unaoandika nao utaulizwa.

Mwanangu Nasir aliondoka kwenda Ulaya kwa tahriib, ile safari ya magendo ya kupitia jangwani. Alifia huko. Hatuna kaburi la kuzuru. Alhamdulillahi kwa kila hali.

Kilichobaki ni kaseti moja ya VHS, ya harusi ya dada yake. Kuna mahali Nasir anaigeukia kamera na kucheka.

Sasa mke wangu ana presha ya macho. Jicho moja limekwisha, la pili lilikuwa linafifia, na daktari alisema kinachopotea hakirudi. Akaniomba kitu kimoja tu: amwone mtoto wake kabla giza halijafunga.

Nikaenda kwa Halima, mwenye studio ya picha karibu na soko. Deki anayo, na kifaa cha kuingizia video kwenye kompyuta.

Jaribio la kwanza lilituvunja moyo. Picha ilipinda upande wa juu, ikayumba kama turubai kwenye upepo. Sauti ikatangulia midomo. Kila ilipokaribia sehemu ya Nasir, kompyuta ilikata na kuonyesha buluu tupu.

Halima akasema tusikate tamaa, ataagiza time base corrector kutoka Nairobi. Wenyewe huiita TBC. Nikamuuliza inafanya nini.

"Adeer," alisema, maana vijana wetu hutuita hivyo sisi baba zao wadogo na wakubwa, "picha ni mistari mingi. Kaseti ikichoka, mmoja unawahi, mwingine unachelewa. Hii inaisubirisha kwanza, inainyoosha kama imamu anavyonyoosha safu, ndipo inaiachilia kwenye kompyuta."

Hapo nikaelewa. Tukasubiri.

Kifaa kilipofika nilimleta mke wangu, nikamkalisha karibu kabisa na skrini. Wallahi picha ilitulia. Kuta zikasimama wima, wageni wakatembea bila kuyumba, midomo na sauti vikaenda pamoja.

Kisha tukafika kwa Nasir.

Buluu haikuja tena, lakini na uso haukuja. Palikuwa na michirizi myeupe na chengachenga tupu.

Halima alisafisha hedi, vile vichwa vya deki vinavyosoma mkanda, akabadilisha deki, akarudia. Mwishowe akauliza kama tulizoea kuisimamisha kaseti mahali pale.

Ndiyo, wakuu. Kila Idi, kila alipokuja mgeni wa kutupa pole, tulibonyeza pause kwenye uso wake na kumwombea dua ndefu. Hatukujua kwamba picha ikisimama, hedi za deki haziachi kuzunguka. Miaka yote zilikuwa zinasugua hapo hapo.

"Imamu hunyoosha safu ya waliofika, adeer," Halima alisema taratibu. "Asiyekuja msikitini hawezi kumpanga."

Mke wangu hakulia. Akasema tuendelee mbele, kwa sababu tangu msiba hatukuwahi kutazama kupita pale.

Mbele wanaume wananawa mikono wapate kula. Kijana mmoja, mgongo kwa kamera, anawamiminia maji. Mke wangu akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Huyo ni Nasir. Tazama anavyokulowesha kanzu, na wewe ulivyonuna kama ngamia aliyenyimwa chumvi."

Ni kweli, yule aliyenuna ni mimi. Na mabega ya kijana yanatikisika kwa kicheko.

Nililojifunza ni hili: TBC hupanga kilichobaki, haiumbi kilichofutika. Mwenye kaseti ya mpendwa wake aihamishe mapema, na asiisimamishe pale anapompenda zaidi.

Wenye ujuzi, kama kuna njia ya kurudisha uso uliosuguliwa, niandikieni hapa chini. Hata jibu likiwa hapana, nitashukuru. Mimi bado nina macho.

Mke wangu sasa haoni kabisa. Nikiiwasha ile video huniuliza, "Bado anamimina?"

Namwambia bado.