Nilivyompima Mtoto wa Watu

Siku matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, steshenari yangu hapa Korogwe mjini hugeuka kilinge cha mganga, na mganga mwenyewe ni mimi. Vijana wanashuka na mabasi kutoka Kabuku, kutoka Hale, kutoka Mpale, wote wanataka niwaombee vyuo kwenye mtandao. Kabla sijagusa kompyuta, kila mmoja ananiuliza, "Mama, mimi nitapata?" Nakiri kwamba swali hilo nalipenda kuliko chai. Moyo hunienda mbio utadhani alama ni zangu.

Kipimo changu ni daftari. Miaka yote niliyofanya kazi hii nimeandika: huyu alikuwa na alama hizi, aliomba kozi ile, akapata, huyu akakosa. Mtoto akinionyesha matokeo yake, nafunua kurasa, namtafuta mwenzake wa miaka iliyopita, kisha natoa hukumu. "Utapata." "Jaribu." Au ile inayowafanya wameze mate: "Tafuta pengine." Sikosei mara nyingi. Mtaa mzima unalijua hilo, maana nimehakikisha unalijua.

Mwaka juzi alikuja binti mmoja kutoka Handeni, ameletwa na mjomba wake. Kwa Wazigua mjomba si mtu wa pembeni kwenye mambo ya mpwa wake. Mara nyingi neno lake ndilo la mwisho. Na huyu alikuja amevaa koti, na jua lote lile. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi, akamwachia binti aseme haja yake. Binti alitaka udaktari, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam ambacho kila mwenye alama nzuri nchi hii anakitolea macho.

Alikuwa na B ya Baiolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia. Nikafunua daftari. Nikamkuta mmoja mwenye alama zile zile: alikosa. Nikamkuta mwingine aliyemzidi kidogo: naye alikosa. Nikafunga daftari.

"Udaktari pale, hapana," nikasema. "Tuweke na uuguzi chuo kingine, na ufamasia chuo cha tatu. Inaruhusiwa."

Mjomba akavua kofia yake, akaiweka gotini. "Mama, una mabinti wewe?"

"Ninao wawili, mzee."

"Akija mtu kuposa kwako, halafu ukasikia asubuhi hiyo hiyo amepeleka barua nyingine kwa jirani, na ya tatu kwa jirani wa jirani, utampa binti?"

"Nitamfukuza."

"Basi na sisi tunabisha hodi nyumba moja. Mshika mbili moja humponyoka."

Nilipandwa na mori. Nikamwambia chuo si ukwe, kule hakuna baba mkwe wa kuona haya, kuna kompyuta tu inayopanga watu kwa alama. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akarudia: nyumba moja. Nikageukia foleni nipate wa kunisaidia. Wasaliti wale! Wote walikuwa upande wa mzee, na mama mmoja alikuwa anatikisa kichwa kunisikitikia mimi. Nikajaza chuo kimoja, huku midomo nimeivuta.

Mzee alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, binti akasogea karibu na meza.

"Mama, niongezee vile viwili," akasema kwa sauti ya chini.

Sikungoja aseme mara mbili. Vidole vilikimbia kwenye kibodi, na mzee aliporudi nilikuwa nimeketi mpole kama si mimi. Nilijiona nimemwokoa mtoto wa watu. Ila nilisahau jambo moja. Binti hakuwa na simu, na kila fomu niliyojaza ilibeba namba ya mjomba.

Njia ya mwongo ni fupi. Majina yalipotoka, siku chache zikapita kimya, kisha asubuhi moja nikawaona wote wawili mlangoni, koti lile lile. Shikamoo yangu ikabaki hewani. Mzee alinipa simu yake tu, akasema, "Soma."

Ujumbe wa kwanza ulitoka chuo cha Dar es Salaam. Nilisoma mstari mmoja nikapiga vigelegele hadi fundi cherehani wa jirani akaja mbio na mkasi mkononi. Udaktari! Amepata udaktari! Nilimkumbatia binti, nikamkumbatia fundi, kidogo nimkumbatie na mzee.

"Soma na wa pili," mzee akasema.

Wa pili ulitoka chuo cha uuguzi, nao walikuwa wamemchukua; cha ufamasia hakikumchukua. Mzee alikaa nao siku tatu akidhani ni matapeli, maana vipi akubaliwe na nyumba asiyoposa? Na aliyekubaliwa zaidi ya chuo kimoja hutakiwa athibitishe anachokitaka kabla dirisha la udahili halijafungwa. Nikaangalia tarehe. Dirisha lilikuwa linafungwa siku ile ile, saa kumi jioni.

"Nimekosa, mzee," nikasema. "Niliongeza mimi. Nigombeze baadaye, sasa hivi tuthibitishe."

"Hatuthibitishi. Kwanza tuwaombe radhi wale wa uuguzi."

Nilitamani kulia, nikatamani kucheka. Binti alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anamtazama mjomba, ananitazama mimi. Nikaona ubishi utatupotezea muda kuliko barua. Nikafungua ukurasa mpya, nikamwambia aseme, naandika.

Akasimama. Alisema kwamba wao, upande wa mama wa binti huyu, wanakishukuru chuo kwa kumpokea mtoto wao. Kwamba hodi ile ilipigwa bila wakubwa kujua, na wanaomba wasihesabiwe kuwa ni watu wa dharau. Kwamba nafasi hiyo apewe mtoto wa mwingine, na Mungu ambariki. Nilikuwa naandika kwa pupa, na bado nilipofika mwisho nikawa nafuta macho. Nikachapa, akatia saini pole pole, herufi baada ya herufi, akaikunja, akaitia kwenye koti aipitishe posta.

"Haya, thibitisha."

Mtandao ukaanza kuzunguka. Ukazunguka. Fundi cherehani alikuwa bado yupo, foleni nzima imenizunguka. Nikaingiza namba ya uthibitisho, nikabonyeza, tukangoja, kisha maandishi ya kijani yakatokea: imethibitishwa, udaktari. Duka likalipuka kwa kelele. Mzee akaketi chini pale pale, akafunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika.

Nami, kwa furaha, nikataka kumsifu binti. "Una moyo, mwanangu! Ningekuwa mimi, siku ile ya kuomba ningekufa kwa hofu."

"Sikuwa na hofu, mama," akanijibu kwa upole, bado anatabasamu. "Nilitoka Handeni najua nitapata. Nilianza kuogopa uliposema hapana."

Hakunisema vibaya. Alikuwa anajibu tu, kama mtoto mwenye adabu anavyomjibu mtu mzima. Lakini ndipo nikaelewa ile sauti ya chini wakati mjomba yuko msikitini. Binti aliingia dukani kwangu akiwa daktari, na mimi ndiye niliyemfanya aombe kitu cha akiba kwa siri. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Akacheka, akamwinua mjomba wake kwa mkono, wakaenda posta.