Kigoda Kilichokosa Mwenyeji

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya makumbusho ya Njombe nilianza kwa kukaguliwa viganja. Bwana Mkaguzi wa Shule, aliyeisimamia pia makumbusho hiyo, Mwingereza mrefu aliyeinama kwenye kila mlango hata usio mfupi, aliigeuza mikono yangu juu na chini kama mtu anayechagua viazi sokoni, kisha akasema, "Seremala, nenda ukanawe tena. Jasho la binadamu linakula chuma." Nikaenda bombani nikanawa huku nikicheka peke yangu. Nilijua kutu inakula chuma. Kwamba mimi pia nakila, hilo lilikuwa jipya.

Enzi hizo za Waingereza nilikuwa fundi seremala wa idara ya ujenzi pale bomani. Makumbusho yenyewe ilikuwa ghala la zamani, na mimi niliitwa nitengeneze rafu tu, nimalize, niende zangu. Lakini kila nikipiga msumari macho yalikimbilia vitu vilivyorundikwa sakafuni. Kulikuwa na mivuo ya ngozi ya mbuzi, ile waliyofukutia moto wafua chuma. Kulikuwa na majembe mazito ya chuma kilichoyeyushwa upande wa Liganga kabla majembe ya dukani hayajatufikia, na vibuyu vya ulanzi vilivyokuwa bado vinanuka pombe ya mianzi. Nikauliza habari za kitu cha kwanza, nikajibiwa. Nikauliza cha pili, Bwana Mkaguzi akasema hajui, akaniuliza mimi.

Jambo hilo lilinishangaza kuliko mivuo. Mpaka siku ile Mzungu alikuwa ananiuliza maswali ambayo jibu lake lilikuwa moja tu, "Ndiyo, bwana." Jumamosi iliyofuata nikarudi bila kuitwa na bila ujira, na nyingine tena. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujitolea. Wenzangu wa karakana wakanipa cheo cha Mlinzi wa Takataka, nami nikakipokea.

Ninyi vijana mnadhani makumbusho ni kabati na kufuli. Kitu kikifika, kwanza kilitengwa chumba cha nyuma kama mgonjwa wa surua, tuone kama kina dumuzi, mdudu anayetoboa mbao kwa ndani na kuacha unga mweupe chini. Kikiwa nao kilipakwa mafuta ya taa na kusubiri. Halafu kilipewa namba kwa rangi nyeupe, ndogo, tena chini ya tumbo lake ambako mgeni haoni. Nilipoandika namba ya kwanza ubavuni mwa kinu, Bwana Mkaguzi alisikitika kabisa. "Umemchanja usoni," alisema, na akanifanya niikwangue. Mwisho kilitengenezewa kibandiko, yaani kile kikaratasi kigumu kinachosema kitu ni nini na kimetoka wapi. Chini ya kila kibandiko tuliandika neno moja kwa herufi kubwa: USIGUSE.

Sasa nije kwenye kigoda.

Baba yangu alifariki nikiwa mbali, shule ya ufundi. Habari ilinikuta imechelewa, na nilipofika kwetu, upande wa Lupembe, matanga yalikuwa yamekwisha na baba zangu wadogo wametawanyika. Kigoda chake cha miguu mitatu nilikikuta kimelazwa ubavu pembeni mwa nyumba. Sikuuliza. Mimi nilikulia bweni la misheni, kwenye mabenchi, na niliona ni kiti kilichowekwa kando tu. Miaka ikapita kikiwa palepale, mpaka dumuzi wakaanza kukitoboa. Hapo nikamwomba mama anipe nikakitunze makumbusho.

Mama aliendelea kupukuchua mahindi. Kisha akasema, "Huko kwako ata­pata joto?"

"Chumba kina dirisha zuri, mama."

"Mchukue. Lakini akae mahali watu watakapokuwa wakimsalimu kwa lugha yake. Baba yako hakupenda kuzungukwa na watu asiowasikia."

Nikaahidi. Ahadi ilikuwa rahisi, maana Njombe nzima ilisema Kibena. Bwana Mkaguzi alikipenda kigoda kile kuliko vyote. Alikitibu dumuzi kwa mkono wake, akakisimamisha katikati ya chumba juu ya mkeka, palepale mlango unapotazama, na kibandiko chake mbele: Kigoda cha mzee wa Kibena, Lupembe. USIGUSE.

Tukafungua milango siku ya soko, na watu hawakuingia.

Nawaambia kweli, walikuja. Walikuja wengi, wenye blanketi mabegani na vikapu vya njegere kichwani, maana baridi ya Njombe na udadisi wa watu wake havijawahi kupungua. Walifika mlangoni, wakabisha hodi, wakachungulia, wakasimama kwa adabu. Niliwaita, "Karibuni, ingieni!" Walinitazama jinsi unavyomtazama mtu wa kazi aliyekukaribisha chumbani kwa tajiri wake. Walisalimu, wakangoja kidogo, wakaenda zao. Siku ya soko iliyofuata ikawa vilevile. Bwana Mkaguzi alidhani wanaogopa mizimu. Mchungaji wetu alidhani wanamwogopa Bwana Mkaguzi. Mimi nilidhani wanaogopa kutozwa kiingilio, nikabandika tangazo kwamba ni bure, nao wakalisoma, wakashukuru, wakaondoka.

Ikaja habari kutoka Dar es Salaam kwamba chumba kisicho na wageni ni ghala, na kwamba mwisho wa kiangazi Bwana Mkubwa wa huko atakuja na lori kuangalia. Akiona hakuna faida, vitu vyote vitapelekwa pwani. Usiku ule sikulala vizuri. Jembe la Liganga likienda pwani litakuwa jembe tu. Lakini baba? Nani atamsalimu "kamwene" asubuhi katika mji ambao hata sisi tuliopata kukaa humo tulirudi bila kuwajua majirani zetu? Na mama nitamweleza nini?

Katikati ya mashaka hayo nikahamishiwa Makambako kujenga nyumba ya wageni ya serikali kwenye njia panda. Bwana Mhandisi, mkuu wangu mpya, alikuwa mtu wa maneno machache: "Mlango ukilia, nakurudisha Njombe kwa miguu." Nilichonga milango, na Jumamosi nikidandia lori kurudi makumbusho. Makambako ilinifaa kwa jambo moja. Kila anayekwenda popote alisubiri gari pale, na mtu anayesubiri gari hakosi maneno.

Siku moja nikamtambua mzee mmoja niliyemwona akichungulia mlangoni kwetu. Alikaa juu ya gunia lake la njegere, ananusa tumbaku. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamuuliza bila kuzunguka kwa nini hakuingia.

"Ningeingiaje, na mwenyeji hayupo?"

"Mwenyeji gani, mzee?"

"Mwenye kigoda. Kimesimama pale katikati, hakina mtu. Nikasema ametoka kidogo, labda yuko uani. Nikamngoja. Nilipoona jua linakwenda, nikaenda."

"Lakini mimi niliwakaribisha."

"Wewe?" Alicheka mpaka tumbaku ikampalia. "Wewe ulikuwa umeshika ufagio! Kijana, umezaliwa wapi? Kigoda cha mzee kikisimama, mwenyewe yupo karibu, na huingii kwake akiwa hayupo kama mwizi. Akisafiri, kinalazwa. Akifa, kinalazwa, mpaka mwanawe akalishwe juu yake. Kilazeni basi, au mtu wake akikalie."

Mabasi na malori yalikuwa yanapita, nami nakiona kigoda kile pembeni mwa nyumba yetu, kimelala ubavu miaka yote ile, kinanisubiri.

Jumamosi nikamweleza Bwana Mkaguzi. Alifurahi kama mtoto, akaniuliza maswali mpaka chai ikapoa: kinalazwa upande gani, na wanawake je, na kama mtoto wa kwanza ni binti? Mengi sikuyajua. Tukakilaza. Lakini mtu huyo alikuwa na ugonjwa wa kunyoosha vitu. Namba nyeupe ilionekana, na kila akipita alisema, "Kinaonekana kimeanguka," akakisimamisha. Nikija nakilaza, akija anakisimamisha. Nilipomwambia njia ya pili, kwamba mtu akikalie, alishtuka. "Seremala, ama ni kitu cha makumbusho ama ni kiti. Hakiwezi kuwa vyote viwili."

Bwana Mkubwa akafika siku ya soko, na lori lake likaegeshwa nje, tupu, mlango wa nyuma umeshafunguliwa. Kigoda kilikuwa kimesimama. Watu walijaa mlangoni mpaka barabarani, wametulia, hakuna anayevuka kizingiti. Bwana Mkubwa alitazama saa yake. Bwana Mkaguzi alikuwa mwekundu shingo nzima.

Katika kundi lile nikamwona mama. Alikuwa ametembea kutoka Lupembe kuja kumsalimu mumewe. Alisimama mbele kabisa, na yeye pia hakuingia. Alikitazama kigoda, halafu akanitazama mimi na ufagio wangu.

"Mwanangu," alisema polepole, kila mtu akisikia, "mwenyeji yuko wapi?"

Niliihofia kazi yangu, niliogopa wale mabwana wawili, na zaidi niliogopa kile kigoda, maana kukikalia kulikuwa kukubali kwamba baba hatarudi. Hakuna mjomba wala baba mdogo aliyekuwapo kunishika mkono. Nikaweka ufagio ukutani. Nikaenda bombani nikanawa mikono, nikarudi, nikavuka kile kibandiko kisemacho USIGUSE, nikakaa.

"Kamwene," nikasema. "Karibuni ndani."

"Kamwene!" waliitikia kwa pamoja, na mama akawa wa kwanza kuingia. Alipiga magoti kidogo mbele yangu, mimi mwanawe, kama alivyokuwa akimfanyia baba, na machozi yakanitoka hadharani bila haya. Nyuma yake soko lote likaingia. Wakawa wanaelezana, wanabishana, huyu anaonyesha mivuo inavyoshikwa, yule anasema kwao Ipelele mivuo ilishonwa vingine. Bwana Mkubwa akasukumwa mpaka kwenye rafu zangu, na bibi mmoja akamfundisha kwa nguvu jinsi ya kubeba kibuyu.

Bwana Mkaguzi alinijia. "Seremala, umekalia kitu cha makumbusho."

"Ndiyo, bwana. Ni cha baba yangu."

Alinitazama, akamtazama mama, akatazama chumba. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akainama na kufuta lile neno la chini kwenye kibandiko. Lori lilirudi Dar es Salaam tupu. Nasikia Bwana Mkubwa aliondoka na njegere.

Baada ya Makambako nilihamishwa mara kadhaa, nikafanya kazi chini ya wakuu wakali na wapole, na Uhuru ukanikuta juu ya paa la shule. Lakini kila nilipopata nafasi nilirudi kukaa kwenye kigoda, na kila nilipoondoka nilikilaza. Ujira sikupata. Nilichopata ni maswali, na mtu mwenye maswali hazeeki upesi. Magoti yalipokataa, nilimkalisha binti yangu mkubwa. Baba zangu wadogo walinuna mwaka mzima wakisema kigoda hakijawahi kukaliwa na mwanamke. Nikawaambia waje wamwambie yeye. Walikuja, akawakaribisha, akawauliza habari za babu yao mpaka wakasahau walichofuata.

Juzi nilikwenda kumtembelea binti yangu pale makumbusho. Kigoda kilikuwa kimesimama, na hapakuwa na mtu. Nikabisha hodi, nikaegemea fimbo yangu mlangoni. Nyuma yangu likaja kundi la wanafunzi wakisukumana.

"Babu, ingia, kuko wazi!"

"Tulieni," nikawaambia. "Mwenyeji yuko karibu."

Wakatulia. Tukasikia bomba la uani likifungwa. Binti yangu akaja anajifuta mikono, hakusema neno mpaka alipokaa, akayaweka magoti sawa, akatutazama.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene," tukaitikia, mimi na wale watoto, nami nikaingia nyumbani kwa baba yangu.