Lundo Limelala

Shemeji yangu, mume wa dada, kazi yake ni kuamua kama mlima utaanguka. Si mlima wa Mungu. Ni lundo la kifusi, mawe yasiyo na madini ambayo mgodi huyamwaga nyuma ya nyumba yetu mimi na Mama. Hupanda juu kutafuta nyufa, hushuka kupima ukali wa mteremko, hutazama kama maji yanachuruzika chini, kisha huwaandikia wakubwa neno moja: limelala. Kwa lugha ya kazi yao, mawe yaliyolala hayaendi popote. Akikuta nyufa, limelala. Maji yakitoka, limelala. Mtaani tukambatiza Bwana Limelala.

Neno hilo ndilo lililotufunga pale. Mgodi ulishasema utatuhamisha siku mpimaji wao atakaposema lundo si salama. Na mpimaji ndiye huyu mkwe wetu, aliyekula chakula cha Mama mpaka akanenepa shingo!

Alikula, ila kwa kusimama. Kila akija aliegesha gari likitazama barabarani, akaacha mlango wazi, akala uani sahani ikiwa mkononi. Mama akimkaribisha ndani akae, aliinamisha kichwa kwa upole wa kuchefua: "Hapana Mama, mkwe hajiachii ovyo kwa mama mkwe wake."

Mama akawa anamsifu kwa majirani. "Mnaona adabu hiyo?"

Mvua zilipokolea, lundo lilianza kuvimba kwa chini kama tumbo la mtu aliyeshiba. Bwana Limelala akaja, akakagua, akarudi uani kudai sahani yake. "Limelala, Mama. Nawe lala usingizi wako." Hajamaliza kutafuna, fundi mwashi wa jirani akapindua toroli la kokoto nyuma ya ukuta. Krrrr!

Jamani! Sahani huku, yeye kule. Alimkanyaga kuku, akaruka ua, akalipita mbio hata gari lake mwenyewe. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Majirani walicheka, lakini kidogo tu, kisha wakageuka kulitazama lundo. Mimi sikucheka kabisa. Hasira zilinipanda, maana kumbe siku zote alikuwa anajua.

Mama akaokota kiatu, akakifuta kwa upindo wa nguo yake. "Kusanya vyombo," akaniambia.

Majirani nao wakabeba magodoro wakatufuata. Jua halijazama, sebule ya mpimaji ilikuwa imejaa: watoto wa watu juu ya makochi, masufuria juu ya televisheni, na dada yangu akiwapangia pa kulala huku akicheka chinichini.

Mwenye nyumba alipofika aligota mlangoni. "Mama, mtarudi lini? Lundo lenyewe si..."

"Limelala, najua. Tumeliacha lisinzie, tusilipigie kelele."

Miaka yote ile dhamiri haikumshinda. Makochi yalimshinda kwa usiku mmoja. Asubuhi alichukua karatasi, akaandika kwamba lundo linasogea na watu wahamishwe haraka. Viti vyote vikiwa na wenyewe, aliandikia sakafuni, miguu ameikunja. Mama akamwekea kiatu chake pembeni, na sahani ya chakula mbele yake.

"Haya, baba," akamwambia. "Leo umekaa."