Vibano vya Mzee Abdulmajid

Tumainieli alikuwa na miaka kumi na tisa aliposhuka kutoka kijiji cha Chome, milimani, na saa ya baba yake mfukoni. Ilikuwa imesimama. Pale Same mjini, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, alimkuta fundi saa aliyeitwa Abdulmajid, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe. Mzee akaifungua ile saa, akamwonyesha kamani, ile springi inayoiendesha, iliyokatika.

"Unaona?"

"Naona."

"Basi kesho njoo uone zaidi."

Alikwenda kesho yake, akaendelea kwenda kwa miaka minne. Mzee hakumdai chochote. Alitaka tu avae shati safi, na asimwambie mteja saa imepona kabla haijatembea siku nzima. Mzee alipofariki, familia yake ilimpa Tumainieli meza, bisibisi na vibano ambavyo marehemu alivichonga herufi za jina lake kwa msumari. Tumainieli, Mlutheri wa kuzaliwa, alisimama makaburini na waombolezaji wengine akatia udongo kwa mikono yake.

Tangu hapo imepita miaka thelathini na moja. Ametengeneza saa za walimu, za makondakta, za makanisa na za misikiti. Simu zilipoingia kazi ilipungua, lakini hakufunga. Mkewe Fortunata, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anasema mume wake hawezi kupita karibu na saa iliyosimama bila kuugua.

Mwezi wa saba mwaka juzi, walifika wageni kibandani kwake: Wazungu wawili wenye kamera na binti wa Kitanzania aitwaye Bahati. Bahati alimwamkia vizuri, akaeleza kuwa ni wakala wa kampuni ya Ulaya inayotengeneza saa za kifahari. Walikuwa wanaandaa filamu kuhusu mafundi saa wa nchi mbalimbali. Tumainieli alifurahi mno. Akasaini karatasi waliyompa, ya Kiingereza kitupu, hata kabla ya kumwita Fortunata aisome.

Walimpiga picha siku mbili. Kwa nusu saa nzima alizungumza mbele ya kamera juu ya Mzee Abdulmajid. Kisha wakapanda naye pamoja na mkewe hadi nyumbani kwao Chome, gari likigonga mawe njia nzima. Huko wakamwomba Fortunata abebe mzigo wa kuni.

"Mwanangu, mimi napikia gesi," Fortunata akacheka.

"Ni picha tu, mama. Ya mandhari," Bahati akamwambia.

Akaazima kuni kwa jirani, akapita nazo mara tatu mpaka wakaridhika. Tumainieli naye wakamwomba avue viatu. Alisita kidogo, akavua.

Februari iliyofuata ikaja barua ya mwaliko. Kampuni ilikuwa inazindua saa mpya iitwayo Shengena, kwa jina la mlima wao, katika hoteli moja ya Arusha. Yeye na mkewe wangekuwa wageni wa heshima. Wawili hao hawakuwahi kusafiri pamoja ila kwa msiba au hospitali. Fortunata alishona gauni la kijani. Tumainieli alipeleka suti yake kupigwa pasi kwa fundi, ingawa pasi ilikuwepo nyumbani. Gari lililotumwa kuwachukua lilipopita Mwanga, Fortunata alimshika mkono akamwambia, "Baba Careen, leo tunatembea kama maharusi."

Shughuli ilianza saa nane mchana. Ukumbi ulijaa watu wenye manukato mazito na wahudumu wenye sinia za vinywaji. Saa ziliwekwa ndani ya vioo, kila kioo na mlinzi wake. Tumainieli aliinama kuitazama moja, moyo ukimdunda kwa uzuri wa kazi ile.

"Mzee, usiegemee kioo," mlinzi akamwambia.

Pembeni yake mgeni mwingine alikuwa amevalishwa saa hiyohiyo mkononi na anaigeuzageuza. Tumainieli akarudi kwenye kiti chake.

Taa zikapunguzwa, filamu ikaanza ukutani. Walianza na ukungu wa Shengena. Ikafuata miguu yake mitupu juu ya udongo, kisha Fortunata na kuni kichwani. Sauti nzito ilisema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba kuna milima Afrika ambako saa zilikuwa bado hazijafika. Huko aliishi mtu mmoja aliyetamani kuujua wakati, akajifundisha mwenyewe kwa kubahatisha, bila mwalimu na bila kifaa. Halafu kampuni ikamgundua. Ikampa ujuzi na vifaa.

Hapo ndipo vibano vilipotokea, vikubwa kama mapanga kwenye ule ukuta, na herufi za msumari zikisomeka waziwazi. Sauti ikasema ni zawadi ya kampuni.

Ukumbi ukapiga makofi. Wengine waligeuka kuwatabasamia.

"Umesikia walichosema?" Fortunata akanong'ona.

"Nusu."

Akamfasiria iliyobaki sikioni, sentensi kwa sentensi, kama alivyozoea kusoma imla. Alipofika kwenye vibano, Tumainieli alihisi masikio yanawaka moto.

Bahati akaja na kadi ndogo. "Baba, sasa utapanda jukwaani. Ni maneno mawili matatu tu ya shukrani, yako hapa."

"Nilikusimulia habari za Mzee Abdulmajid nusu saa. Yuko wapi?"

"Filamu ni dakika nne, baba. Wakakata."

"Kukata naelewa. Aliyesema sikuwa na mwalimu ni nani? Aliyesema vibano vile ni vyao?"

Bahati akatazama chini. "Sikuandika mimi."

Tumainieli akampokea kadi, akaikunja mara mbili, akapanda jukwaani. Fortunata akainuka akamfuata bila kuitwa.

"Mimi ni fundi saa," alisema kwa Kiswahili, na mkewe akafasiri. "Nilifundishwa na Abdulmajid, hapo Same, kabla wenye filamu hii hawajajua kama Same ipo. Vibano mlivyoviona ni vyake. Herufi mlizoziona ni za jina lake. Mtu huyu alinilea kwenye kazi bila kunidai hata shilingi, na leo mmemfuta mbele yangu, halafu mnanipa kadi niseme asante."

Mkubwa wa kampuni alikuwa amesimama jirani akitabasamu. Alitabasamu mpaka tafsiri ilipomfikia. Akaashiria kwa kidole, kipaza sauti kikazimwa, muziki ukapanda.

Lakini Fortunata alifundisha madarasa ya watoto tisini. "Na mimi," alisema kwa Kiingereza, sauti yake ikipita juu ya muziki, "ni mwalimu. Zile kuni niliziazima kwa jirani kwa ajili yenu. Saa imekuwepo ukutani kwetu tangu kabla sijazaliwa, na hata shuleni hatukuwahi kugonga kengele kwa kubahatisha!"

Baadhi ya wageni walicheka wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Wengine waliinamia glasi zao. Hakuna aliyeuliza kitu.

Sanduku la saa waliloandaliwa kama zawadi waliliacha mezani. Bahati aliwafuata hadi getini, machozi yakimlengalenga.

"Mtaniponza kazini, mama."

"Mwanangu, waliokutuma ndio waliokuponza," Fortunata akamjibu. Walimhurumia, lakini hawakurudi.

Wakawahi basi la jioni. Njiani Tumainieli alizungumza mara moja tu, walipokaribia Moshi. "Viatu nilivivua kwa mikono yangu mwenyewe," alisema. Fortunata naye alikuwa anawaza zile safari tatu alizopita na kuni huku akicheka.

Kumbe mhudumu mmoja aliwarekodi kwa simu. Baada ya wiki video ilikuwa imefika Same, na Mwanaasha, binti wa marehemu Mzee Abdulmajid, akaja kibandani. Alisimama kwanza, mtandio ukiwa mdomoni.

"Nimemsikia baba akitajwa Arusha," alisema. Akaketi, akalia, kisha akauliza, "Sasa tunafanyaje?"

Waliandika barua, watu watatu meza moja, Fortunata akishika kalamu. Walitaka sauti ya uongo iondolewe na jina la Abdulmajid litajwe. Jibu lilichukua wiki sita. Kampuni ilisikitika kwa kutoelewana. Ilikumbusha kwamba karatasi iliyosainiwa inairuhusu kuhariri itakavyo. Hata hivyo, kwa heshima, imefanya marekebisho.

Wakaifungua filamu kwenye simu ya Mwanaasha. Neno la zawadi limeondolewa. Miguu mitupu ipo, kuni zipo, milima isiyo na saa ipo. Mwishoni, kati ya majina ya wapiga picha na wapishi, lilipita jina la Abdulmajid kwa maandishi madogo, tena limekosewa herufi, likatoweka.

"Wapishi!" Mwanaasha alisema. "Baba yangu wamemweka na wapishi!"

Tumainieli alivuta karatasi safi, akaisogeza mbele ya mkewe.

Barua ya pili ilikwenda Jumatatu iliyofuata, na jina la Mzee limeandikwa kwa herufi kubwa, moja moja, kama kwa mtoto wa darasa la kwanza. Mpaka sasa haijajibiwa. Fortunata ameshaanza ya tatu.